MPISHI SI BOI: TWATAKA UFUNDI WETU UPIMWE NA UANDIKWE



Kila alfajiri, kabla jua halijatoka, watu wetu wanatoka Kawangware kwa miguu kuelekea Lavington. Wengine wanatoka Soweto na Laini Saba, wanapita chini ya ghorofa za Nyayo Highrise, wanafika Mbagathi Way na kutawanyika: huyu Lang'ata, huyu Kilimani, huyu katika hoteli za mjini. Ukiwasimamisha uwaulize wanakwenda kufanya nini, wengi watakujibu, "Naenda kupika." Lakini ukizitazama karatasi zao, kama wana karatasi, neno hilo hutaliona hata mara moja.

Hilo ndilo tulilozungumza katika mkutano wa tawi Jumapili iliyopita, hapo Highrise. Twaliandika hapa kwa sababu wapishi wengi hawakuweza kuja. Jumapili ndiyo siku matajiri wana wageni.

Tuanze na mwanachama wetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina. Mama huyu amepika katika nyumba moja ya Lavington kwa miaka 11. Alifika hajui kuwasha jiko la gesi. Leo anaweza kulisha wageni 40 mchana na wengine 20 jioni, nyama ikaiva, wali usishikane, na hesabu ya sokoni ikarudi na chenji. Anajua nani katika nyumba hali karanga na nani hali nguruwe. Mwaka huu tajiri wake alimwambia kwamba familia inahama, kazi imekwisha. Mama akaamua kwenda nchi za nje kutafuta ada ya watoto, kama wanavyokwenda wengi. Akaenda kwa ajenti mjini. Ajenti akachukua fomu, na mahali pa kazi akaandika kwa Kiingereza: mtumishi wa nyumbani.

Mama akasema, "Mimi ni mpishi."

Ajenti akamwuliza, "Cheti kiko wapi?"

Mama akatoa barua aliyopewa na tajiri wake. Barua hiyo tumeisoma sisi wenyewe, ikapita mkono hata mkono katika mkutano. Inasema kwamba mama huyu ni mwaminifu, ni msafi, na anapenda watoto. Basi. Miaka 11 ya moto na moshi, na hakuna neno moja juu ya chakula! Mzee mmoja akasema barua ya namna ile mtu anaweza kumwandikia hata mbwa akimwuza, na watu wakacheka. Lakini yule Mama hakucheka, na baada ya kitambo sisi pia tukanyamaza.

Ndugu zetu, tusidhani kwamba jambo hili ni dogo, eti ni neno tu katika fomu. Jina la kazi ni mshahara, tena ni sheria. Chukueni Amri ya Mishahara ya Serikali yetu wenyewe, ile ya wafanya kazi wote kwa jumla. Katika mstari wa kwanza kabisa, wa chini kuliko yote, wamewekwa mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Mpishi hayumo. Mpishi yuko mstari wa pili, pamoja na mchimba madini, mkata mawe na mhudumu wa meza, na mstari huo una mshahara wake ulio juu zaidi. Amri iliyoanza Novemba 2024 iliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa mstari wa kwanza hapa Nairobi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Tajiri anayekuita mtumishi wa nyumbani na huku anakupikisha mara tatu kwa siku amekushusha ngazi bila kukugusa. (Na wako wengi wasiolipa hata hizo za mstari wa kwanza. Hayo tutayasema katika karatasi nyingine, maana nafasi haitoshi.)

Mbele zaidi katika orodha hiyo hiyo wako mafundi wenye gredi, Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, na kila gredi ina mshahara wake. Seremala akisema ana gredi hakuna anayemcheka. Fundi wa magari hali kadhalika. Mpishi akisema anataka gredi, watu humwuliza, "Kwani kupika nako kuna mtihani? Si hata mama yangu anapika?"

Ndiyo, mama yako anapika. Na baba yako alipigilia misumari mlango wa nyumba, lakini hakuwa seremala.

Sasa tuvuke bahari, maana huko ndiko jina la kazi linakoweza kuwa uhai wa mtu. Sheria ya kazi ya Saudia, ile ya mwaka 2005, inawaacha nje watumishi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Mwezi wa Machi 2021 Saudia ilipolegeza masharti ili mfanya kazi aweze kubadili mwajiri na kuondoka nchini kwa wepesi zaidi, watumishi wa nyumbani waliachwa nje tena. Tusidanganyane: mpishi wa nyumba ya mtu huko naye huhesabiwa mtumishi wa nyumbani. Lakini mpishi wa hoteli, wa mkahawa, au wa kambi ya wajenzi yuko ndani ya sheria ya kazi. Ana saa zake, ana wenzake chumbani, ana mlango wa kutokea jioni. Wote wawili wanakaanga kitunguu kile kile. Mmoja ana sheria, na mwingine ana huruma ya mwenye nyumba, ikiwa anayo.

Twakumbuka kwamba katika mwaka 2021 Wabunge wetu waliambiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89 walikufa Saudia katika muda wa miaka miwili hivi, na wengi walikuwa watumishi wa nyumbani. Hatusemi kwamba karatasi ingewaokoa wote. Karatasi haizuii kofi wala haimrudishii mtu pasipoti yake iliyofungiwa kabatini. Twasema kwamba mtu aliyekwenda na ufundi ulioandikwa ana mahali zaidi pa kusimama kuliko aliyekwenda bila jina.

Nchi nyingine zina mlango mwembamba zaidi, lakini unapimwa wazi. Ujerumani, ambayo ilitia sahihi mkataba wa wafanya kazi na Kenya mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, inamhesabu mpishi kuwa fundi aliyejifunza kazi kwa miaka 3. Karatasi za mgeni hupelekwa kwenye ofisi iliyoko mji wa Nürnberg, zikalinganishwa na za mafundi wao. Watalinganisha nini, ikiwa ulichonacho ni barua inayosema wapenda watoto? Australia nayo ina ofisi ya Serikali, Trades Recognition Australia, na mpishi ni mmoja wa mafundi wanaopimwa ufundi wao. Ama Uingereza, mwezi wa Julai 2025 iliwaondoa wapishi katika kazi zinazopewa visa mpya ya ufundi. Kwa hiyo ajenti akikuahidi jiko la London kwa malipo ya mapema, mwulize kwanza juu ya Julai 2025, na umtazame usoni anapojibu.

Basi karatasi tutaipata wapi? Hapa wanachama wengi hawajui, na kutojua kwetu kunawanufaisha watu.

Ya kwanza ni hati ya utumishi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimisha kila mwajiri kumpa mfanya kazi hati kazi inapokwisha, isipokuwa kama kazi haikufika wiki 4 mfululizo. Hati hiyo lazima itaje jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanya kazi, siku aliyoanza, siku aliyomaliza, na KAZI YENYEWE ILIKUWA NI YA NAMNA GANI na ilifanyiwa wapi. Mwajiri akikataa kwa makusudi au kwa uzembe, au akiandika uongo anaoujua, ana hatia. Faini yake ni hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili.

Someni tena maneno hayo polepole. Sheria haimlazimishi tajiri kuandika kwamba wewe ni mwema. Hiyo barua ya sifa ni hiari yake, na kifungu hicho hicho kinasema hivyo. Lakini kuandika kwamba ulikuwa mpishi tangu siku fulani hata siku fulani si hiari yake. Ajabu ni kwamba matajiri wengi hufanya kinyume chake. Ile ya hiari huiandika kwa maneno matamu, na ile ya lazima huiacha. Na sisi twapokea barua ya utamu kwa mikono miwili, twashukuru, twaikunja na kuitia katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho.

Wazee wetu waliijua desturi hii. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni, ndani ya kibati, na mwajiri ndiye aliyeandika humo kazi na mshahara na ndiye aliyetia sahihi mtu alipoachiwa. Bila sahihi hiyo hukupata kazi nyingine. Kipande kiliondolewa mwaka 1947 baada ya watu kukipinga miaka mingi. Siku zile mpishi aliitwa boi hata kama ana wajukuu, na memsabu ndiye aliyejua kama boi wake ni mzuri. Kibati kimeondoka shingoni. Lakini mawazo yale kwamba ubora wa mfanya kazi ni siri ya tajiri, ambayo ataitoa akipenda, bado yapo. Hata sisi wenyewe tunayo. Ndiyo maana mwanachama anaogopa kudai hati, asije akaonekana hana shukrani.

Ya pili ni mtihani wa ufundi wa Serikali, ule watu huuita tredi testi. Unaendeshwa na NITA, ambayo makao yake yako Commercial Street, Industrial Area. Mtu wa Kibera anaweza kufika huko kwa miguu kwa njia ya reli, ile ile wanayoifuata watu wetu wa viwandani kila asubuhi. Mtihani huu una gredi tatu, na mtu huanzia Gredi ya Tatu akapanda. Tangu zamani haukuwekwa kwa watoto wa shule tu, bali hata kwa fundi aliyejifunza kazini. Tena mwaka 2024 Serikali ilitangaza sera ya kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani. Maana yake ni kwamba unaleta ushahidi wa kazi yako, mpimaji anakutazama ukifanya kazi, na ukiweza unapewa cheti cha kile unachokiweza. Kwa maneno, jambo hili ni jema sana. Twalisifu. Lakini tumewauliza wapishi waliokuja mkutanoni ni wangapi wamesikia habari zake, na mikono iliyoinuka ni mitatu.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Ofisi iko karibu kwa miguu, lakini iko mbali kwa mfuko na kwa siku. Mtihani una ada, na vyakula vya kupikia mtihani vinahitaji fedha. Mpishi wa nyumbani anayeomba ruhusa siku ya kazi huulizwa, "Unakwenda wapi?" Akisema anakwenda kupimwa ufundi, tajiri anasikia, "Anataka kuniacha." Kesho yake anakuta mwingine jikoni. Kwa hiyo mtu anaona afadhali kununua.

Ndiyo, kununua! Hapa tutawaudhi baadhi ya wanachama wetu, lakini tutasema. Wako watu wanaouza vyeti vya upishi katika vyumba vya uchochoroni, kwa siku chache, bila mwanafunzi kushika mwiko. Na wako wenzetu wanaovinunua. Mmoja alituambia bila haya, "Kila mtu anafanya." Ndugu, wewe ukifika jiko la watu 300 na cheti cha uongo, ukaulizwa kupunguza mchuzi uwe mzito nawe ukaongeza unga, hutafukuzwa wewe peke yako. Mwenye jiko atasema, "Wakenya ni hivi." Atakayefuata nyuma yako, hata akiwa fundi wa kweli, atapewa ufagio. Mwenye kununua cheti anawauza wenzake, na Chama hakitamtetea.

Wako pia waliosimama mkutanoni kutupinga, nao ni watu tunaowaheshimu. Mjumbe mmoja wa hoteli alisema kwamba kazi ya chama si kuwasafirisha watu, kazi yake ni kupigania mshahara hapa. Alisema tukiwapa wapishi wetu vyeti tutakuwa tumewatengenezea ajenti bidhaa nzuri zaidi ya kuuza. Maneno hayo yana uzito. Hatufurahi kuona mama anaacha watoto Kawangware akapikie watoto wa watu. Lakini twamwuliza mjumbe huyu: ni nani leo aliye bidhaa rahisi? Ni yule asiye na kitu cha kuonyesha. Huyo ajenti humwandika apendavyo. Na cheti hiki hakina tikiti ya ndege ndani yake. Mwenye Gredi anaweza kukiweka mezani kwa tajiri wa Kilimani na kusema, "Mimi niko mstari wa pili, Bwana, si wa kwanza." Wengi wakiweza kusema hivyo hapa, huenda wachache watataka kupanda ndege.

Mwingine akasema kupika ni kipaji, mkono wa mtu, hakupimwi. Hapana. Utamu ni mkono wa mtu, lakini mengine yote yanapimika. Je, ulikata nyama mbichi na kachumbari kwa ubao mmoja? Chakula kilichobaki ulikiacha mezani saa ngapi? Ulinunua kilo ngapi kwa watu wangapi, na ulitupa kiasi gani? Ukiambiwa wageni wanakula saa saba, chakula kilikuwa tayari saa saba au saa nane? Mambo hayo mama wa kibanda pale Highrise anayafanya kila siku kwa jiko la makaa, upande mmoja chapati, upande mwingine maharagwe, huku anahesabu deni la mtu kichwani. Mpeni ubao wa pili na maji ya bomba, muone kama hatashinda waliotoka darasani.

Na jambo hili nalo tulifikirie. Kila mtu anayeshika chakula cha kuuza Nairobi lazima awe na cheti cha daktari, na kila miezi 6 anapimwa upya. Serikali imekwisha pima choo chetu mara nyingi sana. Mikono yetu haijaipima hata mara moja!

Kwa hiyo twadai mambo haya, na twayadai kwa sauti.

Twadai wapimaji waje kwetu. Kumbi za kanisa na za shule ziko Kibera na Kawangware, majiko tutayakusanya wenyewe. Wawekeni siku ambazo mpishi anapumzika, wala si Jumanne asubuhi. Ada ilipwe kidogo kidogo. Na maswali yaulizwe kwa Kiswahili kwa anayetaka Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Tunapima upishi, hatupimi Kiingereza. Atakayekwenda Ujerumani atajifunza Kijerumani wakati wake.

Twadai pia chakula chetu kihesabiwe kuwa chakula. Mpimaji akija na sosi za Kifaransa peke yake atawaangusha mafundi wakubwa. Mtu anayeweza kupika pilau ya watu 200 harusini bila punje kuungua, au mama wa Kinubi wa Makina anayetandaza gurusa nyembamba kama karatasi, huyo ana ufundi wa moto na wa kipimo kuliko wengi wanaovaa kofia ndefu. Na kambi za wajenzi huko Ghuba wanakula nini? Wanakula wali na mchuzi, kwa mamia. Kazi hiyo wapishi wa harusi zetu wanaijua.

Kwa waajiri wa mahoteli tuna neno la fedha. Sheria ya mafunzo ya viwanda inawatoza waajiri shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi. Hoteli yenye watu 100 hutoa shilingi 60,000 kwa mwaka. Fedha hizo hutolewa kwa vichwa vyetu, na mwajiri anayewafundisha watu wake anaweza kuomba kurudishiwa gharama. Basi mjumbe wa kila hoteli aende kwa meneja wiki hii amwulize swali moja tu: mwaka huu umempeleka mpishi gani kufundishwa au kupimwa? Jibu lake liandikwe, liletwe ofisini. Tukipata majibu kumi tutayachapa hapa.

Kwa ajenti twasema: mkataba wa kazi ya nje si karatasi ya kutiwa sahihi kwenye ngazi za ofisi yako saa moja kabla ya ndege. Sheria ya Kazi, kifungu cha 83, inataka mkataba wa nje ushuhudiwe na afisa wa kazi. Mwanachama, usitie sahihi kabla hujaona neno gani limeandikwa mahali pa kazi. Kama wewe ni mpishi na pameandikwa mtumishi, rudisha kalamu. Na ukifika huko ukapewa mkataba wa pili wa maneno mengine, jua kwamba umeshikwa. Mwachie ndugu yako nakala ya ule wa kwanza kabla hujaondoka, na nyingine ituletee sisi.

Kuna watu ambao haya yote hayawafikii, nao ni wale waliojiajiri wenyewe. Ndugu mmoja wa Kawangware amekuwa na kibanda chake karibu na steji kwa miaka 9. Alituuliza, "Mimi tajiri wangu ni mimi. Nani ataniandikia hati?" Swali hilo lilitushinda kwa muda, na hatuoni haya kusema hivyo. Tulilokubaliana ni hili. Tawi litafungua daftari la wapishi. Kila mpishi, wa nyumbani, wa hoteli au wa kibanda, ataandikwa jina, mahali alipopika, tangu lini, chakula gani na kwa watu wangapi. Wawili wanaomjua kazini watatia sahihi kama mashahidi. Kibali cha biashara kama kipo kitanakiliwa, na cheti cha daktari pia, maana tarehe zake zinaonyesha miaka aliyoshika chakula. Mwenye picha za harusi alizopikia azilete. Hatusemi daftari letu ni cheti. Twasema mpimaji akitaka ushahidi, atakuta upo, umepangwa. Na hatutamwandika mtu ambaye hatumjui, hata akitoa fedha. Hasa akitoa fedha.

Wanaume wetu wa mahoteli, neno moja kwenu. Mlipoona wanawake wa majumbani wamejaa mkutanoni, baadhi yenu mlisema hawa si wapishi, hawa ni mayaya wanaopika. Mlisema kwa sauti ya chini lakini tulisikia. Mngejua jinsi mnavyofanana na yule ajenti! Katika daftari watu wote wataandikwa kwa namba za kufika, na atakayepinga atapewa nafasi ya kushindana na yule Mama wa Lavington kwa chapati 50.

Daftari litafunguliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, hapo hapo Highrise. Njooni na kitambulisho, cheti cha daktari, na barua zo zote mlizopewa na matajiri, hata zile za mwaminifu na msafi. Wasiojua kuandika wasione haya, makarani wa tawi watakuwepo watatu. Wanaofanya kazi Jumapili watume mtoto au jirani na jina lao, na mjumbe atawafuata usiku.

Barua ya yule Mama ya kudai hati ya utumishi, yenye kifungu cha 51 kimenakiliwa chote, ilipelekwa kwa mkono na kupokewa na askari wa lango. Tulitoa siku 7. Leo ni siku ya 9 na jibu halijaja. Kesho asubuhi Katibu na wajumbe wawili wanakwenda Lavington, na baada ya hapo, ikibidi, kwa afisa wa kazi.